Unene wa Kupindukia Miongoni mwa Wanawake: Ni Ulafi au Ni Zama?

Makala ya leo inaangazia suala ambalo barazani na katika kumbi za harusi huzungumzwa kwa utani, lakini likifika hospitalini halina utani hata kidogo. Suala lenyewe ni unene wa kupindukia, au kiribatumbo kama wataalamu wa lishe nchini Tanzania wanavyouita. Swali la msingi ni hili: kwa nini katika jamii nyingi za zama hizi hali hiyo imeenea zaidi miongoni mwa wanawake kuliko wanaume? Je, ni kweli, kama wengi wasemavyo, kwamba mwanamke wa leo amekuwa mlafi na mvivu? Au kuna mambo mengine yaliyofichika nyuma ya pazia?

Kabla ya kujibu swali hilo, inafaa kufahamu ni nani hasa anayehesabiwa kuwa na unene wa kupindukia, kwani si kila mwanamke aliyejaa mwili ni mgonjwa. Kipimo kinachotumiwa na Shirika la Afya Duniani, WHO, ni kuugawa uzito wa mtu kwa kilo kwa kimo chake kwa mita, kisha kugawa tena kwa kimo hicho hicho. Asili ya hesabu hiyo ni mtaalamu wa hisabati wa Kibelgiji wa karne ya 19, Adolphe Quetelet. Jibu likifika 25 mtu huhesabiwa kuwa na uzito uliozidi, na likifika 30 huhesabiwa kuwa na unene wa kupindukia. Kwa mfano, mwanamke mwenye kimo cha sentimita 160 huingia katika kundi la kwanza anapofika kilo 64, na katika kundi la pili anapokaribia kilo 77. Hata hivyo kipimo hicho kina upungufu wake, kwa sababu hakitofautishi misuli na mafuta, wala hakionyeshi mafuta hayo yamekaa wapi. Kwa ajili hiyo madaktari hupima kiuno pia. Kiuno cha mwanamke kinapozidi sentimita 88, hatari ya maradhi huwa imeongezeka sana, hata kama mizani haitishi.

Ama kuhusu ukubwa wa tatizo, utafiti mpana uliochapishwa mwaka 2024 katika jarida la tiba la The Lancet ulikadiria kwamba mwaka 2022 zaidi ya watu bilioni moja duniani walikuwa na unene wa kupindukia. Miongoni mwao, wanawake watu wazima walikuwa milioni 504, ilhali wanaume walikuwa milioni 374. Kwa maneno mengine, kati ya kila watu wazima 100 wenye hali hiyo, 57 walikuwa wanawake. Ni kweli kwamba wanaume nao wanaongezeka kwa kasi, kwani kiwango chao kimekaribia kuongezeka mara tatu tangu mwaka 1990. Lakini wanawake bado wametangulia.

Afrika Mashariki haikubaki nyuma katika mkondo huo. Uchunguzi wa kitaifa wa afya nchini Tanzania uliofanywa mwaka 1991 na 1992 uliwakuta wanawake 11 kati ya 100 wenye umri wa kuzaa wakiwa na uzito uliozidi au unene wa kupindukia. Uchunguzi wa mwaka 2015 na 2016 uliwakuta 28, na wanawake wa mijini walikuwa takriban mara mbili ya wale wa vijijini. Nchini Kenya, idadi hiyo ilipanda kutoka 25 kati ya 100 katika uchunguzi wa mwaka 2008 na 2009 hadi 33 mwaka 2014. Hayo yametokea katika kizazi kimoja tu. Binti aliyezaliwa wakati wa uchunguzi ule wa kwanza hivi leo ni mama wa watoto.

Wapenzi wasikilizaji, jibu la haraka linalotolewa kuhusu tofauti ya wanawake na wanaume ni maumbile. Jibu hilo lina ukweli ndani yake. Mwili wa mwanamke umeumbwa kuhifadhi mafuta mengi zaidi kuliko wa mwanamume, kwa kuwa ndio unaobeba mimba na kunyonyesha, na mafuta hayo ni akiba ya siku za dhiki. Homoni ya estrojeni huyaelekeza mafuta hayo kwenye nyonga na mapaja. Aidha mwanamke kwa kawaida ana misuli michache kuliko mwanamume, na kwa vile misuli hutumia nishati hata mtu anapokuwa amelala, mwili wa mwanamke huhitaji chakula kidogo zaidi kwa siku. Mume na mke wanaopakua sahani zinazolingana hawali sawa: sahani ile ile inayomtosha mume humzidi mke.

Zaidi ya hayo, maisha ya mwanamke yana vituo ambavyo mwanamume havipitii. Mimba ni kimoja kati ya vituo hivyo. Mama akibaki na kilo 2 tu baada ya kila uzazi, basi baada ya watoto watano atakuwa ameongeza kilo 10 bila ya kujua zimetoka wapi. Baadhi ya njia za uzazi wa mpango, hususan sindano za homoni, huwaongezea uzito baadhi ya wanawake, jambo ambalo mhusika anapaswa kulizungumza na mhudumu wa afya badala ya kuacha njia hiyo kimya kimya. Kisha hufika wakati wa kukoma hedhi. Estrojeni hupungua, na mafuta yaliyokuwa yakikaa mapajani huanza kuhamia tumboni, mahali ambapo madhara yake kwa moyo na kwa sukari ya damu ni makubwa zaidi.

Lakini lau kama maumbile peke yake yangekuwa ndiyo sababu, tofauti kati ya wanawake na wanaume ingelikuwa moja duniani kote, kwani mwanamke wa Chicago na mwanamke wa Durban wana homoni zile zile. Mambo sivyo yalivyo. Nchini Marekani, takwimu rasmi za mwaka 2017 na 2018 zilionyesha wanaume 43 na wanawake 42 kati ya 100 wakiwa na unene wa kupindukia, yaani karibu sawa kwa sawa. Nchini Afrika Kusini, uchunguzi wa mwaka 2016 uliwakuta wanawake 68 kati ya 100 wakiwa na uzito uliozidi au unene wa kupindukia, lakini wanaume walikuwa 31 tu. Na hata huko Marekani, ukiwatazama Wamarekani weusi peke yao, pengo linafunguka tena: wanawake 57 kati ya 100, dhidi ya wanaume 41. Hapana shaka basi kwamba maumbile huweka msingi tu. Nyumba yenyewe hujengwa na jamii.

Mojawapo ya matofali ya nyumba hiyo huwekwa mapema mno, kabla hata ya mtoto kuzaliwa. Katika majira ya baridi ya mwaka 1944 na 1945, Vita vya Pili vya Dunia vikikaribia ukingoni, watu wa magharibi ya Uholanzi walikumbwa na njaa kali kutokana na vizuizi vya jeshi la Ujerumani, na posho ya chakula ikashuka chini ya kalori 1,000 kwa siku. Miongo kadhaa baadaye watafiti waliwatafuta watu ambao mama zao walikuwa waja wazito wakati wa njaa ile. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 1999 yaliwashangaza wengi. Wanawake ambao mama zao walikumbwa na njaa katika miezi ya mwanzo ya mimba walikuwa, walipofika umri wa miaka 50, wazito zaidi kuliko wenzao. Wanaume waliopitia hali ile ile hawakuonyesha tofauti hiyo.

Barani Afrika, wanauchumi Anne Case na Alicia Menendez walichunguza suala hilo katika kitongoji cha Khayelitsha, karibu na Cape Town, na matokeo yao yalichapishwa mwaka 2009. Waligundua kwamba wanawake waliokosa chakula cha kutosha utotoni walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kunenepa kupita kiasi ukubwani, na kwamba jambo hilo halikuonekana kwa wanaume. Inaelekea kwamba mwili ulioonja njaa ungali mchanga hujifunza kuweka akiba, na mwili wa kike hulishika somo hilo kwa nguvu zaidi. Uzito wa jambo hili kwa Afrika Mashariki hauhitaji ufafanuzi mrefu. Nchini Tanzania, uchunguzi wa mwaka 2022 uliwakuta watoto 30 kati ya 100 wa chini ya umri wa miaka mitano wakiwa wamedumaa kwa lishe duni. Msichana anayedumaa kijijini leo ndiye mwanamke atakayehamia mjini kesho, na mjini atakutana na chakula cha namna nyingine kabisa.

Chakula hicho ndicho sababu nyingine kubwa. Mtaalamu wa lishe wa Marekani, Barry Popkin, alianza mwanzoni mwa miaka ya 1990 kueleza jinsi mataifa yanavyohama kutoka katika vyakula vya nafaka nzima, mikunde na mboga kwenda katika vyakula vya mafuta, sukari na unga mweupe. Mabadiliko ambayo Ulaya na Marekani ziliyapitia taratibu, nchi za Afrika na Asia zimeyapitia kwa kipindi kifupi mno. Mafuta ya kupikia, ambayo zamani yalikuwa adimu na yakipimwa kwa kijiko, sasa huuzwa kwa bei nafuu katika kila duka la mtaani, na kijiko kimoja kikubwa cha mafuta kina takriban kalori 120. Dona imepisha sembe. Mihogo ya kuchemsha imepisha chipsi mayai. Maji ya mtungi yamepisha soda, ambayo chupa yake moja ya mililita 330 aghalabu huwa na takriban vijiko 9 vidogo vya sukari.

Na si vyakula vya dukani pekee. Hata chai, kinywaji cha heshima ambacho mgeni hakosi kukirimiwa, ina hesabu yake. Mtu anywaye vikombe vinne kwa siku, kila kimoja kikiwa na vijiko vitatu vya sukari, huwa amekula takriban gramu 48 za sukari. Shirika la Afya Duniani linashauri sukari ya kuongezwa isizidi gramu 50 kwa siku kwa mtu anayehitaji kalori 2,000, na ni bora zaidi ibaki chini ya gramu 25. Kwa hiyo chai peke yake imekwisha kuijaza posho ya siku nzima, kabla ya andazi, kitumbua au kipande cha halua kinachoandamana nayo.

Mwaka 2019, mtafiti Kevin Hall na wenzake wa Taasisi za Taifa za Afya za Marekani walichapisha matokeo ya jaribio lililohusu wanaume 10 na wanawake 10, waliowekwa ndani na kupewa chakula kwa majuma manne. Kwa majuma mawili walipewa vyakula vilivyosindikwa sana viwandani, na kwa majuma mengine mawili vyakula vya kawaida visivyosindikwa hivyo. Waliruhusiwa kula watakavyo. Walipokuwa wakila vyakula vya viwandani, walijikuta wanakula takriban kalori 500 zaidi kila siku, na uzito wao ukaongezeka kwa karibu kilo moja. Walipokuwa katika vyakula vya kawaida, walipungua kiasi kicho hicho. Ni watu wale wale, wenye tabia zile zile. Kilichobadilika ni chakula kilichowekwa mbele yao. Matokeo hayo ni jibu zito kwa wale wanaodai kwamba kunenepa ni udhaifu wa nafsi tu.

Wapenzi wasikilizaji, chakula ni upande mmoja wa mizani. Upande wa pili ni mwendo. Bibi wa zamani alitwanga, alisaga, alichota maji kisimani, alikata kuni na kulima kwa jembe la mkono. Hakuna anayepaswa kuzionea shauku taabu hizo, kwani zilizeesha na kuua. Mashine ya kusaga, bomba la maji na jiko la gesi ni neema. Hata hivyo neema hiyo iliondoa mwendo bila ya kuleta mwendo mwingine badala yake. Mwanamke wa mjini hukaa dukani au ofisini mchana kutwa, hukaa katika daladala au gari kwa saa nyingi za foleni, kisha hurudi nyumbani kukabiliana na kazi ya pili. Ripoti ya Shirika la Kazi Duniani, ILO, ya mwaka 2018 ilisema kwamba wanawake hufanya zaidi ya robo tatu ya kazi zote za nyumbani na za malezi zisizo na malipo duniani. Kazi hizo huchosha mwili na akili, lakini nyingi kati yake hazikimbizi moyo wala hazijengi misuli. Matokeo ni mwanamke ambaye hapumziki, na wakati huo huo hafanyi mazoezi.

Takwimu zilizotolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2024 zinathibitisha jambo hilo. Mwaka 2022, wanawake 34 kati ya 100 duniani hawakufikia kiwango cha mwendo kinachopendekezwa, ikilinganishwa na wanaume 29. Kwani mwanamume akitaka kukimbia alfajiri, huvaa viatu na kutoka. Mwanamke anayetaka kufanya hivyo hujiuliza kwanza kuhusu usalama wa njia, kuhusu maneno ya wahuni, kuhusu mavazi, na kuhusu nani atawaamsha watoto. Viwanja vilivyopo mitaani ni vya mpira, na wanaovitawala ni vijana wa kiume.

Hali hiyo inaonekana waziwazi katika nchi za Ghuba, ambako wasikilizaji wengi wa Kiswahili wanaishi. Oman, ambayo baada ya mwaka 1970 iliwapokea maelfu ya watu wenye asili ya Zanzibar na mwambao wa Afrika Mashariki, ilikuwa na takriban kilomita 10 tu za barabara ya lami mwaka huo. Wanawake wa vijijini walichota maji ya falaji, walichunga mbuzi na kushiriki katika kazi za mitende. Katika muda wa kizazi kimoja mapato ya mafuta yalileta barabara kuu, magari, viyoyozi, maduka makubwa na watumishi wa nyumbani. Hivi leo, joto la kiangazi mjini Muscat linapopita nyuzi 40, kutembea kwa miguu nje mchana ni hatari, na jiji lenyewe limejengwa kwa ajili ya gari. Sinia la wali na nyama, tende na halua, ambavyo vilikuwa karamu ya siku chache za mwaka, vimekuwa chakula cha siku yoyote. Nchini Saudi Arabia, ni mwaka 2017 tu ndipo shule za serikali za wasichana ziliporuhusiwa kuwa na somo la mazoezi ya viungo. Mwanamke aliyemaliza shule kabla ya hapo huenda hakuwahi kufundishwa hata mara moja jinsi ya kuushughulisha mwili wake. Si ajabu basi kwamba mataifa ya Ghuba yamo miongoni mwa yale yenye viwango vya juu vya unene duniani.

Sababu ya mwisho ni utamaduni, na hii inahitaji kuzungumzwa kwa heshima. Katika jamii nyingi za Kiafrika na Kiarabu, unene wa mwanamke umekuwa ukisomwa kama barua ya siha, neema na matunzo mema ya mume. Nchini Mauritania, desturi ya kuwalisha wasichana kwa nguvu ili wanenepe kabla ya kuolewa ilidumu kwa karne nyingi, na haijatoweka kabisa. Katika mwambao wa Waswahili, mzazi hutunzwa ndani kwa siku arobaini, akipewa uji, supu na vyakula vya kumrejeshea nguvu. Asili ya utunzaji huo ni hekima, maana ulimwokoa mama aliyetoka katika hatari ya uzazi na ambaye, arobaini ikiisha, alirudi shambani. Lakini mama wa leo arobaini ikiisha hurudi kwenye kiti. Bibi harusi akinenepa baada ya ndoa husifiwa kwamba amenawiri. Akikonda, watu huuliza ana nini.

Na swali hilo lilipata makali mapya katika miaka ya 1980. Ugonjwa wa UKIMWI ulipoanza kuonekana nchini Uganda, watu waliupa jina la ugonjwa wa kukonda, na mwaka 1985 madaktari waliuandika kwa jina hilo katika jarida la tiba. Tangu wakati huo, kukonda katika nchi nyingi za Afrika kumebeba shaka na fedheha. Wanawake wengi wameogopa kupunguza uzito, hata pale daktari aliposhauri, kwa kuchelea ulimwengu usije ukasema. Unene kwao ulikuwa ngao.

Tatizo ni kwamba ngao hiyo humgeukia aliyeishika. Unene wa kupindukia huongeza hatari ya kisukari cha aina ya pili, shinikizo la damu, maradhi ya moyo, kiharusi, mawe ya nyongo na kuumwa magoti. Kwa mwanamke kuna orodha ya ziada: hedhi kuvurugika na ugumu wa kupata mimba, kisukari cha mimba, shinikizo la damu la mimba linaloweza kumuua mama na mwana, saratani ya mfuko wa uzazi, na saratani ya matiti baada ya hedhi kukoma. Maradhi hayo huingia kwa hodi ya chini sana. Mtu huweza kuishi na kisukari kwa miaka kadhaa bila ya kujua, na siku ya kujua ikawa ndiyo siku ya kukatwa mguu. Mficha maradhi, wahenga walisema, kifo humuumbua.

Je, nini kifanyike? Jambo la kwanza ni kuacha kumdhihaki mwanamke mnene. Dhihaka haimpunguzi mtu hata gramu moja. Humfanya ajifiche, akwepe zahanati na kukimbilia dawa za kificho. Soko la dawa na chai za kupunguza tumbo limejaa hatari. Dawa ya sibutramine, kwa mfano, iliondolewa sokoni Ulaya na Marekani mwaka 2010 kwa sababu ya madhara yake kwa moyo na mishipa ya damu, na bado imekuwa ikigunduliwa imefichwa ndani ya bidhaa zinazouzwa kama mitishamba. Ama kuhusu sindano mpya za kila wiki kama vile semaglutide, iliyoidhinishwa nchini Marekani mwaka 2021 kwa ajili ya kupunguza uzito, hizo zina nguvu ya kweli. Lakini ni ghali, zina madhara yake, na uzito aghalabu hurudi zinapoachwa. Hazifai kununuliwa mkononi mwa mtu bila ya usimamizi wa daktari.

Jambo la pili ni kwamba chakula ni cha familia, basi mabadiliko yawe ya familia. Mwanamke hawezi kujipikia chungu chake peke yake huku mume na watoto wakidai vya kukaanga. Kurejesha dona, kunde, choroko, mchicha, kisamvu na samaki wa kuchemsha, kupunguza kijiko kimoja cha sukari katika kila kikombe, na kuweka maji mezani badala ya soda, ni mambo yasiyohitaji fedha nyingi. Kadhalika, Shirika la Afya Duniani linapendekeza angalau dakika 150 za mwendo wa wastani kwa wiki, yaani nusu saa ya kutembea kwa haraka kwa siku tano, pamoja na mazoezi ya kuimarisha misuli mara mbili. Mume anayetaka afya ya mkewe na ambaye hampunguzii kazi za nyumbani ili apate nusu saa hiyo, bado hajasema kitu. Haba na haba hujaza kibaba, na kwa njia hiyo hiyo ndivyo kibaba hupunguzwa.

Jambo la tatu linazihusu serikali. Mexico ilianza kutoza kodi vinywaji vyenye sukari mwaka 2014. Saudi Arabia na Umoja wa Falme za Kiarabu zilifuata mwaka 2017, Uingereza na Afrika Kusini mwaka 2018, na Oman ikaanza na soda mwaka 2019 kabla ya kuvijumuisha vinywaji vingine vyenye sukari mwaka 2020. Hatua hizo zinasaidia, lakini kodi bila ya njia za waenda kwa miguu, bila ya taa za barabarani, bila ya bustani zenye kivuli na saa maalumu za wanawake katika viwanja, ni nusu ya dawa. Na juu ya yote ni lishe ya mama mjamzito na ya mtoto wa kike, kwani kumlisha binti vyema katika miaka yake ya mwanzo ni kumkinga na udumavu leo na unene kesho.

Naam wapenzi wasikilizaji, swali lililoulizwa mwanzoni lilikuwa ni ulafi au ni zama. Ushahidi uliotajwa unaelekea upande mmoja. Mwanamke wa leo hakuzaliwa mlafi kuliko nyanya yake. Amerithi mwili uliotengenezwa kwa ajili ya njaa, akawekwa katika mji uliojaa mafuta na sukari, akanyimwa nafasi ya kutembea, kisha akalaumiwa kwa kunenepa. Kuufahamu ukweli huo hakumwondolei jukumu la kuilinda afya yake. Kunamwondolea aibu, na asiye na aibu ndiye anayeweza kwenda kupimwa sukari, shinikizo la damu na kiuno chake, akajua alipo na wapi pa kuanzia.